Sura ya Sita: Kilomita za Nani?

Kila nikisimama sheli, kijana wa pampu huuliza swali lilelile: "Mzee, hili kwa lita moja linakwenda kilomita ngapi?" Nimewahi kujibu saba. Nimewahi kujibu nne. Siku moja nikiwa na haraka nilisema kumi ili tuachane. Kumi ulikuwa uongo. Saba na nne zilikuwa kweli zote mbili, kila moja kwa barabara yake na mzigo wake. Ila kwenye safari ya kilomita 400, tofauti ya hizo mbili ni lita 43, yaani jerikani mbili na ushei. Anayeingia porini na namba moja kichwani ajiandae kulala huko.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 yenye viti mpaka nyuma. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na injini ya petroli iliyomo ndani ya langu, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ni ya zamani zaidi: iliingia na Series II ya 1958. Hakuna kompyuta humo. Kabureta inatoa petroli kwa kadiri hewa inavyopita kooni mwake, basi. Haina habari kama mmepanda wawili au watano, wala kama mko Kunduchi au Mbeya. Hesabu hiyo ni ya dereva.

Aliyenifundisha kuihesabu ni mjomba wangu, aliyeendesha Land Rover za serikali miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Enzi zile petroli ilikuwa haba hata Jumapili ikifika saa nane mchana magari binafsi yalitakiwa yawe yameegeshwa. Dereva wa serikali alikuwa anatoka na mafuta aliyopimiwa, na akirudi anaulizwa yameishia wapi. Mjomba alikuwa na daftari la jalada gumu, na katika daftari hilo hutaona mahali palipoandikwa "gari linakula kiasi gani". Kuna safu ya kutoka, ya kufika, ya watu, ya mzigo, ya hali ya barabara, kisha lita. Mstari mmoja kwa kila safari. Alipotumwa mahali, alifungua daftari akatafuta safari inayofanana na ile ya kesho.

Mimi nilianza kwa kitabu, kama wasomi wote. Vitabu vya Waingereza huhesabu maili kwa galoni, na hapo hapo kuna shimo la kwanza. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Maili 18 kwa galoni ya Kiingereza ni kilomita 6.4 kwa lita. Maili hizohizo kwa galoni ya Kimarekani ni kilomita 7.7. Kitabu hakikwambii kila mara ni galoni ya nani, na ukikosea hapo umeshapotea kwa moja ya tano kabla hujawasha gari. Nilipompelekea mjomba namba yangu ya kitabuni alicheka, akaniambia nikapime.

Kupima ni kazi rahisi inayotaka uvumilivu. Unajaza tangi mpaka mafuta yaonekane shingoni. Unalitikisa gari kwa bega mara tatu nne ili hewa iliyojificha kwenye kona za tangi itoke, kisha unaongeza tena. Tangi la nyuma la 109 ya abiria linachukua galoni 16 za Kiingereza, kama lita 73, na lita moja au mbili za hewa zinatosha kuharibu hesabu yote. Unaendesha. Ukifika, unajaza tena mpaka shingoni, gari likiwa limekaa sawasawa. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Geji ya kwenye dashibodi haimo kabisa katika kazi hii. Geji ya gari langu hushuka nusu ya kwanza kwa mwendo wa harusi na nusu ya pili kwa mwendo wa mwizi. Mjomba anasema geji iliwekwa ili abiria wapate cha kutazama.

Nilipima kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Dashibodi ilisema kilomita 205. Pampu ilisema lita 36. Nikagawanya, nikapata 5.7, nikafurahi, nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umepata ngapi?"

Nikamwambia.

"Hizo kilomita mia mbili na tano ni za nani? Za dashibodi au za barabara?"

Sikuelewa. Akaniambia nikasome ubavu wa tairi. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa limeandaliwa kwa tairi za 7.50-16, zile ndefu nyembamba zenye kimo cha sentimita 80 hivi. Aliyeniuzia alikuwa ameweka 205R16, kwa sababu zilikuwa bei nafuu, na kimo chake ni kama sentimita 74. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, na mita ya dashibodi inahesabu mizunguko tu, barabara haiioni. Kwa hiyo kila ikisema 100, mimi nimekwenda 92 na nusu. Kilomita zangu 205 zilikuwa 190 za kweli, na ndivyo ilivyo kutoka Dar hadi Morogoro, kila dereva wa basi anajua. Gawanya 190 kwa 36 uone: 5.3. Nilikuwa nimejipunja mwenyewe kwa furaha. Siku hizi simu ina ramani na inakupa umbali wa kweli bila taabu, lakini bado nakutana na watu wenye Land Rover nzuri za kung'aa wanaojisifia ulaji mdogo wa mafuta, nikitazama chini naona tairi fupi.

Hiyo 5.3 ni namba ya lami, watu wawili, mwendo wa 75. Ukibadilisha kimoja tu, inaondoka.

Mwendo ndio mbaya kuliko vyote, na ndio ulio mikononi mwako. Land Rover ya zamani ina kifua kama kabati la nguo, na upepo unaogonga kabati hauongezeki sambamba na mwendo. Unakua kwa mraba wake. Kutoka kilomita 70 kwa saa kwenda 90, mwendo umeongezeka kwa asilimia 29, msukumo wa upepo umeongezeka kwa asilimia 65. Na kwa gia zake, bila ile gia ya ziada ambayo baadhi ya wenye bahati waliifunga, injini kwenye 90 inazunguka karibu mara 3,300 kwa dakika. Unaisikia. Mazungumzo ndani ya gari yanakatika, na tangi nalo linashuka.

Mwinuko ni jambo ambalo watu wa pwani hatulifikirii. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar. Kabureta iliyorekebishwa pwani ikifika huko inaendelea kumimina petroli kama iko nyumbani. Mchanganyiko unakuwa mzito, moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi. Na kwa kuwa nguvu imepungua, dereva anakanyaga zaidi. Fundi mzuri wa Mbeya atakubadilishia jeti ndogo. Ukirudi pwani umkumbuke, maana jeti ile huku chini itaichemsha injini.

Mengine nayapita haraka: chujio la hewa lililojaa vumbi, pointi zilizoliwa, breki inayoshika gurudumu moja, choki iliyosahauliwa nusu imevutwa. Kila moja linakula kidogo kidogo, na dawa yake ni gereji. Mambo ya gereji yatengenezwe kabla ya kupima. Hakuna faida ya kupima ugonjwa.

Sasa safari yenyewe. Tulikuwa na harusi Singida, tukitokea Mbeya, na familia ikaamua kwamba tupite njia ya Chunya badala ya kuzunguka Iringa na Dodoma. Mimi ndiye niliyeamua, kusema kweli, familia ilikubali. Mbeya hadi Chunya ni kilomita 72, unapanda safu ya milima kwanza kisha unateremkia kwenye nchi ya dhahabu ya Lupa, ambako watafutaji walimiminika miaka ya 1930. Wakati ule lami iliishia Chunya. Kutoka hapo kilomita 39 mpaka Makongolosi, kisha kilomita 412 za udongo, kupitia Rungwa na Itigi, hadi Mkiwa kwenye barabara kuu ya Dodoma na Singida. Miombo, mbung'o, pori la akiba, halafu vile vichaka vya Itigi vilivyosongamana hata mbuzi anatafuta mlango. Mafuta ya uhakika katikati hapo sikuwa nayo, na kanuni ya mjomba ni kwamba sheli ambayo hujazungumza na mtu aliyeiona wiki hiyo, usiihesabu. Nilimtafuta dereva wa basi la njia hiyo kwa simu. Akasema Makongolosi petroli ipo, mbele yake asingeapa.

Kwa hiyo hesabu ilianzia Makongolosi, tangi likiwa limejaa. Kipande cha udongo nilikuwa nimekwisha kukipima kwingine: barabara yenye mikunjo kama bati, gia ya tatu, mwendo wa 40, gari langu linakwenda kilomita 4.3 kwa lita. Kwenye mchanga, magurudumu yote manne yakivuta, 3. Dereva wa basi alisema mchanga ni "kama sitini hivi ukijumlisha". Basi: kilomita 352 kwa 4.3 ni lita 82. Kilomita 60 kwa 3 ni lita 20. Jumla 102. Nikaongeza robo, lita 25, kwa ajili ya yale ambayo sikuyajua. Ikawa 127.

Robo hiyo si ya kubahatisha. Nilipitia daftari la mjomba nikitazama safari alizokadiria na zilivyotokea, na kwenye udongo wa kiangazi hakuwahi kukosea kwa zaidi ya robo. Masika ni habari nyingine. Masika aliweka nusu, na mara mbili haikutosha.

Tangi linabeba 73, lakini bomba linalonyonya halifiki sakafuni, na sakafuni ndiko kunakokaa maji na uchafu wa miaka 40. Hesabu 70. Zinabaki 57, yaani jerikani tatu za lita 20. Nilichukua na ya nne tupu: haina uzito wa kuogopesha, na inaweza kujazwa mahali popote habari zikibadilika.

Jerikani inastahili aya yake. Jeshi la Ujerumani ndilo lililoibuni miaka ya 1930. Waingereza kule Afrika Kaskazini walikuwa wanabeba petroli kwenye mikebe myembamba ya bati ya galoni nne, iliyopasuka na kuvuja njiani. Walipoteka vyombo vya adui waliona tofauti, wakaviiga, na wakavipa jina lao la utani kwa Wajerumani, Jerry. Sisi tukalipokea jina likiwa limekomaa. Mkebe wa bati wa galoni nne nao tunao, tena tunauona kila siku sokoni: ndio debe. Mahindi hayavuji, ndiyo maana debe limepata kazi ya kudumu.

Jerikani halisi ya chuma ina uvimbe wa hewa upande wa juu, na uvimbe huo una sababu. Petroli hutanuka kama sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi ya joto. Ukijaza alfajiri ya Mbeya kwenye nyuzi 12, ikafika 35 mchana wa Rungwa, lita 60 zinadai nafasi ya lita moja na ushei. Ukiwa umejaza mpaka mdomoni kwa kutaka thamani ya pesa yako, hiyo lita itatafuta njia ya kutoka. Na dumu la plastiki la mafuta ya kula si chombo cha petroli, hata likiwa jipya, hata ukiambiwa na nani.

Uzito nao unaingia kwenye hesabu. Lita 20 za petroli ni kilo 15, na chuma chake kilo nne au zaidi. Tatu zikijaa ni karibu kilo 60, abiria mmoja mwembamba. Wapo wanaopanga kumi kwenye keria juu ya paa, wakapiga picha. Hao wamebeba karibu kilo 200 mahali ambapo gari refu jembamba halitaki hata kilo 50, wameongeza ukubwa wa kabati linalogongwa na upepo, na sehemu ya petroli ile wataitumia kuibebea petroli ile. Zangu nilizifunga nje, nyuma, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kwa mikanda. Ndani ya gari lenye watu sipaki petroli. Harufu peke yake inatosha kuharibu harusi.

Tulitoka Makongolosi saa moja asubuhi. Watu watano, badala ya wawili niliowapimia, na gunia la mchele wa Kyela, kwa sababu huendi harusini Singida ukitokea Mbeya mikono mitupu. Hili gunia halikuwa kwenye hesabu. Lilipandishwa dakika ya mwisho na shangazi yangu, na mimi sikuwa mtu wa kubishana na shangazi juu ya kilo 100 za mchele mbele ya majirani.

Mchanga ulikuwa zaidi ya ulivyosemwa. Kuna mahali lori lilikuwa limekwama katikati ya njia, tukasubiri huku injini yangu ikinguruma bila kazi, kwa kuwa betri ilikuwa ya mashaka na niliogopa kuizima. Kuna daraja dogo lililokuwa linatengenezwa, tukazungushwa porini kama kilomita 13. Na baada ya Rungwa, mdogo wangu aliyekaa nyuma alisema anasikia petroli. Tukasimama. Mfuniko wa jerikani moja ulikuwa na gasketi iliyokauka ikapasuka, na upande wa nyuma wa gari ulikuwa na mstari mweusi wa vumbi lililolowa. Tulikisia zimepotea lita nne. Tukaimimina iliyobaki tangini palepale, mbung'o wakitushambulia shingoni, nikijilaumu kwamba nilikagua tairi, mikanda, maji, oili, nikaacha kipande cha mpira cha bei ya soda.

Mkiwa tuliingia jioni. Geji ilikuwa imelala chini kabisa tangu Itigi, abiria walikuwa wameiona na walikuwa wameacha kuzungumza. Jerikani zote tatu zilikuwa tupu. Sheli ya kwanza yenye petroli nilijaza mpaka shingoni, nikatikisa gari kwa bega huku kijana wa pampu akinitazama kama mgonjwa, nikaongeza. Zikaingia lita 57. Na 60 za jerikani, jumla 117. Nilikuwa nimekadiria 102. Akiba yangu ya 25 ilikuwa imeliwa 15, na kilichobaki tangini cha kunyonywa kilikuwa lita 13, ambazo kwa barabara ile zingetupeleka kilomita 50 nyingine, pengine.

Bei sikuiangalia sana, ila kwa anayepanga bajeti: petroli hupanda kadiri unavyoiacha bandari. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei za kikomo kila mwezi, na ya mikoa ya ndani haiwi ile ya Dar. Ukizidisha lita zako zote kwa bei ya Dar umejidanganya tena, safari hii kwa shilingi.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea mjomba daftari langu, maana sasa ninalo langu. Mstari ulisomeka: Makongolosi–Mkiwa, dashibodi 460, barabara 425 pamoja na mzunguko wa daraja, watu watano, mchele kilo 100, kiangazi, mchanga mwingi, lita 113. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa herufi ndogo kwamba nne zilivuja, kwa hiyo sikuzihesabu, kwa sababu injini haikuzitumia.

Alisoma polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alikubali kilomita. Kwenye mchele alitabasamu. Anamjua shangazi yangu. Alipofika kwenye lita aliomba kalamu, akakata 113, akaandika 117.

"Lakini mjomba, hizo nne zilimwagika barabarani."

"Ulizinunua?"

"Nilizinunua."

"Ulizibeba?"

"Nilizibeba."

"Basi ziache hapo," akasema, akinirudishia daftari. "Safari ijayo litavuja lingine."

Nilibadilisha gasketi zote nne. Namba sikuigusa.